Chupa ya Somo Ziada

Kwenye lori la Lindi nilikaa juu ya magunia ya ufuta, nyuma ya wanawake wawili wasiojuana. Tasbihi ilikuwa mkononi, masikio yalikuwa kwao.

Ziada, somo, yaani kungwi wa bibi harusi, alijifunika buibui hadi machoni. Kapuni mwake mlikuwa na chupa ya dawa ya kizungu ya kuchubua ngozi. "Mwali wangu ana ngozi kavu kama ganda la muhogo," alisema. "Anaolewa Ijumaa. Hii itamtoa mpya."

"Wewe umeijaribu, dada?" akauliza Genoveva, mkulima wa Mitole.

Ziada akashusha buibui kidogo. Astaghfirullahi. Mashavu yalikuwa mekundu, yanabambuka.

"Hongera," Genoveva akasema. "Ukavu umekwisha. Na ngozi nayo imekwisha."

"Karani wa bomani alinisomea maandishi ya chupa: ipakwe usiku mmoja tu. Mimi nikapaka mitatu, kisha nikajisugua singo juu yake, manukato ya kusugulia maharusi, kama mwali."

"Kwa hiyo bwana harusi apelekewe mbuzi aliyechunwa? Mpake mafuta ya ufuta, mama."

"Ya kupikia? Mwali wangu si samaki!"

"Samaki angalau huachiwa ngozi yake."

Nikakohoa. Kucheka na tasbihi mkononi si adabu.

Lori likasimama Lindi, Ziada akajifunika tena. Mama wa bibi harusi alikuwa akingoja chini. "Somo, dawa umeileta?"

"Nimeileta."

"Alhamdulillahi. Ulisema utaijaribu kwanza. Hebu funua uso, tuone ilivyokufaa."

Tangu Kilwa sote tulikuwa tukililia kufika Lindi. Sasa hakuna aliyeshuka kabla buibui halijafunuliwa.