Jina la Uingereza kwenye Shati la Muzdalifa

Pale Zhanxi, huku China, nje ya jengo la nguo, kuna benchi la chuma tulilojimilikisha sisi Watanzania bila kumuuliza mtu. Kahawa analeta Gharib, na ukiinywa lazima uvumilie na elimu yake. Leo mwenye shida ni Muzdalifa wa Mbagala. Mashati yake yameshaisha kushonwa, bado lebo tu, na mzigo unaondoka jioni kwenda bandari ya Huangpu. Safari iliyopita alipeleka bila lebo, Kariakoo wakayaita mtumba, dada wa watu akalia. Sasa anataka jina la mji wa Uingereza kama wenzake, ila kwanza ajue maana yake.

— Weka Liverpool, alianza Mikaeli, tunayemwita Konteina kwa ajili ya tumbo lake.

— Dimbwi la tope hilo, alidakia Gharib.

— Astaghfirullah! Muzdalifa akaruka. Shati jeupe la Idi, nimvishe mtu tope?

— Basi Oxford, akasema Konteina.

— Hapo ng'ombe walikuwa wanavuka mto, akasema Gharib.

— Wateja wangu wanakwenda msikitini, hawaendi mnadani!

Konteina hakukata tamaa.

— Manchester! Jeshi la Warumi lilipiga kambi pale, au siyo, Gharib?

— Kambi ilikuwepo, kweli.

— Enhee! "Man" ni mwanamume, "chest" ni kifua: wakapimwa vifua mmoja mmoja. Saizi za mashati zilianzia hapo. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— We Konteina! Mimi nauza nguo, wewe unawahimiza watu wasivae?

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Muzdalifa hakucheka, alikuwa anaangalia saa.

Ndipo akatokea Bosi Mei, Mchina mwenye duka la lebo, aliyejifunza Kiswahili kwa kugombana na sisi.

— Rafiki, mashine inangoja. Jina?

— Subiri kidogo, bosi. Tunatafuta mji wenye maana nzuri.

— Wewe kwenu wapi?

— Mbagala.

— Mbagala maana yake nini?

Muzdalifa akamgeukia Gharib. Gharib akainamia kikombe, na kilikuwa kitupu.

— Nimezaliwa pale, Muzdalifa akasema taratibu. Mama yangu kazikwa pale. Wala sijawahi kuuliza.

Akasimama.

— Bosi, andika Mbagala.

— Kariakoo watakucheka, akasema Konteina.

— Wacheke. Wakimaliza, waniambie maana yake.