Historia ya Emilienne Bulaimu, Mama Diski wa Kasongo

Mapadri na mashehe mlioketi nasi, wakubwa wa mtaa, ndugu kutoka Wamaza na Salamabila, majirani wa Kasongo, na ninyi madereva wa pikipiki mliojaza barabara tangu asubuhi, familia ya Papa Bulaimu imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, nami nimeikubali kwa machozi lakini kifua mbele, kwa sababu maisha haya hayasomwi kwa kuinamisha kichwa.

Emilienne Bulaimu alizaliwa Wamaza, upande wa Kabambare, tarehe 14 Machi 1983, akiwa mtoto wa tatu wa Papa Bulaimu, mlimaji wa mpunga na karanga, na wa Mama Albertine, ambaye tunaye hapa mbele, Mungu amtie nguvu. Tangu utotoni hakuweza kuona kitu kimefungwa akakiacha kimefungwa, aliifungua redio ya baba ili aone sauti inatokea wapi, redio ikanyamaza siku ile na haikusema tena hadi leo, akachapwa, na Mama Albertine husema kwamba huo ndio ulikuwa mtihani wake wa kwanza na alianguka.

Alianza shule ya msingi hapo Wamaza mwaka 1989 na kuimaliza mwaka 1995, kisha akaletwa Kasongo kwa shangazi yetu ili aendelee na segondari, akasoma vizuri mpaka vita vya mwaka 1998 vilipomrudisha nyumbani kushika jembe kama sisi wote, na wakati wasichana wa rika lake walipokuwa wanaolewa mmoja mmoja, yeye alikataa kuolewa bila diploma, akarudi Kasongo mwaka 2001, akapata diploma ya serikali ya kumaliza segondari mwezi wa saba mwaka 2004. Mwaka uliofuata alikwenda Kindu kujifunza kompyuta, na aliporudi alikuwa na cheti mkononi na kompyuta iliyokwisha kutumika imefungwa nyuma ya baiskeli, akaisukuma baiskeli hiyo hata mahali ambapo wengine wangepanda, maana alisema yeye anaweza kuanguka akainuka lakini ile mashini haiwezi.

Tarehe 28 Julai 2007, katika kanisa la hapa Kasongo, alifunga ndoa na Jean-Baptiste, dereva wa pikipiki, ambaye leo ni mjane wake, na Mungu akawajalia watoto watatu, Aimée aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2008, Élysée tarehe 19 Mei 2011, na Cécilia tarehe 7 Februari 2015. Kuhusu harusi hiyo, msituombe picha. Picha zote zilikuwa ndani ya kompyuta ya nyumbani, na mwaka 2010 mashini ilipoanza kuzimika ovyo, Emilienne mwenyewe aliamua kuiwekea Windows upya, akaharakisha kwa sababu mafuta ya jenereta yalikuwa yanakwisha, akachagua sehemu isiyo yake kwenye diski, ile yenye picha, akabonyeza, na mashini ikawaka safi kabisa, tupu kabisa, harusi imekwenda na maji. Alilia, hakula, na shemeji yetu Jean-Baptiste hadi leo huwaambia watu kwamba yeye harusi yake aliiona kwa macho tu.

Kutokana na machozi hayo ndipo tulipompata Mama Diski mnayemfahamu. Alipofungua kibanda chake cha kutengeneza kompyuta karibu na soko, tarehe 2 Aprili 2012, alikuwa na utaratibu uliowachosha wateja wenye haraka, kwani wakati wengine mjini, mashini ikigoma tu, walikuwa wanasema Windows imekufa na kuifuta yote ili waweke mpya, yeye aliweka kwanza sikio juu ya diski, akasikiliza kama inanguruma sawasawa au inagonga, na Windows inayokwama mahali palepale kila ukijaribu kuiweka hakuilaumu kamwe, alijua mgonjwa ni diski iliyo chini yake. Kisha alimketisha mwenye mashini na kumwuliza swali moja, "Kama byote binapotea, ni kitu gani utalilia?" na hicho ndicho alichokitoa kwanza, kabla ya nyimbo, kabla ya filamu, kabla ya kazi za ofisi. Na jambo la pili, hakufungua kamwe picha wala video ya mtu, alisema diski ni sanduku la nyumba, fundi analibeba tu, mwenye kulifungua ni mwenyewe.

Ninyi madereva wa pikipiki mnajua deni lenu kwake, nalo ni la sifa. Ni Emilienne aliyegundua kwa nini kompyuta nyingi za kutoka Salamabila zilikuwa zinafika Kasongo zimekufa, watu walikuwa wanafunika kifuniko bila kuzima, wakiogopa kwamba haitawaka tena, na mashini inaendelea kuzunguka ndani wakati pikipiki inarukaruka kwenye mashimo, mpaka diski inajikwaruza yenyewe. Alianza na dereva wa nyumbani kwake, akamfundisha kuweka sikio, na Jean-Baptiste akawafundisha wenzake, leo hakuna dereva wa njia hiyo anayefunga kompyuta kwenye kigodoro cha nyuma ya pikipiki bila kuisikiliza kwanza, na mteja akibisha wanamjibu, "Hii iko inapumua bado, zima, siibebi." Hata wageni kutoka Bukavu wamezimishwa mashini zao njiani, na wametii.

Ugonjwa wake ulianza mwezi wa nane mwaka 2024, madaktari wa Kindu wakakuta shinikizo la damu liko juu sana, wakampa dawa, na tarehe 11 Novemba mwaka huohuo kiharusi kikampiga hapa nyumbani, kikamwachia akili yake yote na ulimi wake wote, kikauchukua mkono wa kulia. Tulimwomba apumzike, naye alikubali, kwa namna yake ya kukubali, yaani kibanda kilifungwa na meza ya kazi ikahamia chumbani kwake.

Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2025 akaja Mama Mounira wa Salamabila, yule pale kati ya wamama, na ametupa ruhusa ya kueleza haya. Mtoto wake wa pekee wa kiume, Amani, alioa mwaka 2023, na siku ya harusi alishika mikrofoni mbele ya wageni akamshukuru mama yake, lakini mama yake alikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria ya pilau, hakusikia neno hata moja. Jioni yake kila mtu alimsimulia kivyake, huyu hivi, yule vile, na Amani akacheka, akamwambia asihangaike, yote iko kwenye kompyuta, atamwonyesha. Kompyuta ikaharibika safarini, ikawekwa juu ya kabati ikingoja, na mwezi wa tisa mwaka 2024 shimo la dhahabu alimokuwa anachimba likaporomoka, Amani akabaki chini. Binamu zake, kwa kutaka kumsaidia mama, walijaribu kuiwekea Windows mpya, ikakwama, wakajaribu tena, ikakwama tena, na tunamshukuru Mungu kwa kule kukwama, maana ilikuwa haijafuta kitu.

Emilienne aliweka sikio, akasikia diski inagonga, akajua kwamba itasomeka kidogo tu kisha basi. Mkono wake haukuweza kushika hata bisibisi, kwa hiyo alimwita mume wake, ambaye miaka yote alimtania kwamba ana mikono ya kufungua tairi, akamwambia leo hiyo mikono ni yangu. Jean-Baptiste aliitoa diski, akaiunga kwa waya kwenye kompyuta nyingine, na siku zile jua lilipowaka vizuri juu ya mabamba ya umeme wa jua, yeye alikuwa mezani na mke wake kitandani, akimwongoza, washa, ngoja, iko na joto, zima, ipepee, washa tena. Wakati huo jirani mwenye saluni hakuruhusiwa kugusa mashine yake ya kunyolea, ili umeme usishtuke, na alivumilia bila kununa, ahsante sana jirani. Video ya harusi ilitolewa kwanza, polepole, huku kompyuta ikiandika kwamba vipande vingine havisomeki na inaviruka, na ilipofika mwisho wake, diski iligonga mara ya mwisho ikanyamaza, na yote mengine ya Amani yakabaki humo.

Hivyo video ilipatikana, lakini hakuna aliyejua ndani yake mna nini, kwa sababu vipande vilivyorukwa vingeweza kuwa mapambo ya harusi, na vingeweza kuwa maneno yenyewe. Jean-Baptiste alitaka kuangalia kidogo tu, Emilienne akakataa katakata, akasema yale ni maneno ya mtoto kwa mama yake, hayapitii kwetu. Mama Mounira akaichukua video kwenye flashi, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaenda nayo Salamabila, na huko akashindwa kuifungua, kwa maana alisema, "Kama sauti haiko, nitamuzika mara ya pili." Hakuna aliyemlaumu. Lakini tangu siku hiyo, kila dereva aliyetoka Salamabila alipitishwa kwanza mlangoni kwa Emilienne, naye aliuliza jambo moja tu, kama Mama Mounira amefungua, na kila dereva alijibu bado.

Tarehe 15 Juni 2025 kiharusi cha pili kilimpiga, akapelekwa hospitali ya hapa Kasongo, na hata huko, kwa sauti iliyobaki, alimwuliza Jean-Baptiste swali lilelile, akapata jibu lilelile. Alifariki siku ya Alhamisi tarehe 19 Juni, asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, mume wake akiwa ameushika ule mkono wa kulia. Inatuuma sana kwamba alikwenda bila kujua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kindu na wa Kasongo waliompigania, majirani waliopika, walioteka maji na waliolala nasi chini, waumini wa kanisa na wa msikiti waliosali pamoja nasi, mafundi wenzake wa kompyuta waliofunga vibanda vyao leo, na madereva wote wa pikipiki ambao wamekataa kulipwa kwa kuwaleta ndugu zetu kutoka Wamaza. Ambaye hatukumtaja asione tumemsahau, ni kichwa cha msiba tu.

Historia hii tuliiandika juzi, na ilikuwa imalizikie hapo, lakini jana mchana Mama Mounira alifika, akaketi kwenye mkeka karibu na jeneza, akalia mpaka akatulia, kisha akafungua pindo la kitenge chake, akamwomba Aimée alete kompyuta. Akasema hawezi kumwacha mwanamke huyu aingie kaburini na swali. Wamama wakamzunguka, Jean-Baptiste akasimama mlangoni, hakuthubutu kusogea, na video ikaanza. Yale aliyoyasema Amani hatutayarudia hapa, ni mali ya mama yake, ameyasikia, na vigelegele vilivyotoka katika nyumba ya msiba mmevisikia ninyi nyote, mkashangaa.

Emilienne, dada yetu, sikia basi, maana uliuliza sana na tukakujibu bado. Picha zinakatikakatika, bibi harusi anapotea na kurudi, lakini sauti ya Amani ipo, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, haikurukwa hata kidogo. Mama Mounira amefungua. Sasa pumzika, dada, pumzika kwa amani.