Siku Mjukuu Wangu Aliponipa Jina

Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Mimi wacha nisimame, maana nikikaa hii furaha itanipasua. Mchungaji amenipa dakika chache, na nyinyi mnajua sisi akina kogo, sisi mabibi, tukishika kipaza sauti tunakiachilia kwa shida! Nitajaribu.

Wengi mnanijua. Nina kashamba ka majani chai huku chini, ng'ombe mmoja, na mjukuu mmoja, huyu msichana aliyeketi hapa mbele na sweta ya kijani. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Nikamlea. Alipoanza tu kutamka maneno, homa kali ikamshika. Hospitalini walimponya, akanenepa tena, lakini masikio hayakurudi. Na yale maneno yake machache yakapotea.

Tukaishi hivyo miaka. Nikitaka ale, namwonyesha sahani. Nikitaka alale, namwonyesha kitanda. Lakini utamwonyesha mtoto aje kwamba alikuwa na mama, na mama huyo alimpenda? Nawaambia, kuna mambo kidole hakiwezi. Na watu walikuwa wananiambia, "Huyo shule ya nini? Mfundishe kuchuma majani, inatosha."

Halafu ikaja ile mvua ya mwaka juzi, mnaikumbuka. Ilikuwa mchana, niko nje nakata nyasi ya ng'ombe, nikaona ukuta wa nyumba yangu ya udongo umefura kama tumbo. Mtoto alikuwa ndani, amelala. Ndugu zangu, niliita! Niliita mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakatoka nje. Wote walisikia isipokuwa yeye. Nikatupa panga, nikaingia, nikamvuta kwa mguu kama mbuzi. Tulikuwa hatujafika hata kwenye majani chai, nyumba ikalala chini.

Jirani akatupa nafasi jikoni kwake. Hapo ndipo kamati ya huu mfuko wetu, huu wa kusomesha watoto na kujengea familia, ikaja kuniona. Mama anayeisimamia akakaa kwenye kigoda, akanishika mkono.

"Kogo, hatutaki kukudanganya," akasema. "Tunaweza kukujengea nyumba, ama tumpeleke mtoto shule ya viziwi, ile ya kulala. Yote mawili mfuko hauwezi mwaka huu. Fikiria, tutarudi."

"Msirudi," nikamwambia. "Pelekeni mtoto."

"Na wewe utalala wapi?"

"Mimi nikiitwa nasikia. Ukuta ukitaka kuanguka, nitatoka. Huyu ndiye hana njia."

Siku ya kwenda nilimsindikiza hadi shuleni. Nilipogeuka kurudi akanishika leso, akalia, na mimi sikuwa na namna ya kumwambia kwamba kuna kitu kinaitwa likizo. Alidhani namtupa. Nilirudi huku Kapkatet nikilia kama mimi ndiye mtoto.

Sasa sikieni! Jumamosi moja asubuhi, nimetoka kukamua, nasikia watu wanaimba barabarani. Wanaume wamebeba miti. Kina mama wana mitungi ya maji ya kukanda udongo. Na nyuma yao pikapu ya yule mzee wa duka la vifaa, yule jirani yetu Mkikuyu ambaye hata si wa kanisa hili, imejaa mabati. Nikawauliza, "Si nilichagua shule? Hii ni nini tena?"

Mwenyekiti wa kanisa letu akacheka. "Pesa ya mfuko ndiyo iliisha, Kogo. Watu hawajaisha."

Nilikimbia kuchemsha chai, nikasahau hata kuweka majani! Wakanywa maziwa na sukari, hakuna aliyelalamika.

Shule ilipofungwa, yule mama wa kamati akamleta mtoto. Mtoto akaona nyumba mpya, akasimama. Akanitazama, kisha akaweka kidole hapa, kwenye meno yake ya chini, pale mimi nina pengo, na kukitingisha. Nikaona aibu. Nikadhani ananicheka pengo!

"Hapana, Kogo," yule mama akasema, machozi yakimtoka. "Hilo ni jina lako. Kule hupeana majina kwa mikono. Mwalimu anasema amekutaja kila siku."

Mimi! Na jina!

Likizo ile alinifundisha kama mwalimu mkali. Maji. Ng'ombe. Kesho. Nikikosea, ananipiga kofi kidogo mkononi. Na kabla hajarudi shuleni, tukiwa tumeketi mlangoni, nilimwambia kwa mikono yangu hii mikavu: Mama. Yako. Alipenda. Wewe. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

Kwa hivyo, kongoi, asanteni, watu wa kamati. Kongoi, nyinyi mlioleta miti na maji, na wewe mzee wa mabati, kongoi sana, Mungu akuongezee. Na funzo langu ni hili: mtu akichagua kitu kimoja mbele yako, usidhani hahitaji kile kingine. Alichagua kwa sababu ilibidi.

Nimemaliza, mchungaji, usiniangalie hivyo! Ila naona mnataka kupiga makofi. Ngojeni kwanza. Huyu hatayasikia. Inueni mikono juu, yote miwili, mtikise vidole hivi, ndivyo wanavyopiga makofi kule shuleni kwake. Hata nyinyi wa nyuma. Juu zaidi!

Geuka, mjukuu wangu. Geuka uwaone.