Profesa Jaribio Apata Nyota Tano

Siku ile mjinga wa foleni alikuwa Loïc, na mwenyewe hakatai. Basi la Mutanga Sud lilikuwa limechelewa, naye akaanza kumsifia Amandine programu aliyoitengeneza, ile ya wanafunzi kuwapima walimu wao mtandaoni. Amandine alikuwa mmoja wa wanafunzi walioijaribu, na Jumatatu ilikuwa inafunguliwa kwa chuo kizima.

"Wote mulimupa mwalimu nyota tano!" Loïc alijigamba.

"Mwalimu gani, kaka? Ule Profesa Jaribio uliyemubuni mwenyewe? Ule hajawahi kukosa somo, hajawahi kutufokea. Ningemupa hata kumi!"

Foleni ikacheka. Loïc naye akacheka, maana alikuwa bado hajajua anayechekwa.

"Lundi, hiyo Jumatatu yenu, mutaweka majina ya kweli," Amandine akaendelea. "Mi nitasema nini juu ya Profesa Léonce? Memwari yangu ya kumaliza masomo iko kwake toka Pasaka, na hajafungua hata ukurasa moja."

"Sema ukweli, dada! Jina lako halionekane."

"Na matricule, namba yangu ya chuo, munaiomba ya nini?"

"Ya kuzuia mutu asijibu mara mbili. Walimu hawaione, apana. Naiona mimi peke yangu!" Akajipiga kifua kabisa.

Basi likafika, watu wakaanza kusukumana. Amandine alishapanda ngazi alipogeuka.

"We peke yako, sawa. Na saa hii unarudi kula na kulala kwa nani, kama si kwa mujomba wako Léonce?"