Bibi Kipimo na Zulia la Wakubwa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bibi Kipimo, mpima watoto. Niseme mapema: alikuwa mke wangu. Nikimsifu kupita kiasi, nivumilieni. Akiwa hai alinikataza.

Alifanya kazi kwenye utafiti wa unene na kisukari cha watoto. Mtoto avue viatu, amwage mifuko, apande mizani. Zinamwagika gololi, mawe, kufuli bila ufunguo. "Wewe, umekuja kupimwa au unahama nyumba?" Watoto walicheka mpaka kiuno hakipimiki.

Utaratibu ulikuwa huu: aliyezidi uzito ndiye aliyechomwa kidole apimwe sukari. Aliyezidi tu.

Sasa wakubwa wakataka picha za gazeti. Wakaamuru watoto wapimiwe ukumbini, juu ya zulia nene. Watoto mia nne wakapimwa pale. Majibu? Afya tele! Wakubwa wakapigiana makofi.

Mke wangu hakupiga. Akapanda mizani mwenyewe pale zuliani, kisha akaitoa akaiweka kwenye saruji, akapanda tena. Kilo tatu zaidi! Akanipigia simu: "Mume wangu, ama nimenenepa kwa hatua kumi, ama zulia linadanganya." Kumbe miguu ya mizani ilizama, tumbo la mizani likalalia zulia, ikasoma pungufu. Mimi niliishia darasa la nne, na nikaelewa. Wasomi wale hawakuelewa.

Bosi akamwambia, "Mama, taarifa imeshatoka. Usitutie aibu."

"Aibu haiui, bosi. Sukari inaua."

Akachukua likizo yake, akazunguka shule zote upya. Mimi nilikuwa mchukuzi wa mizani. "Beba, na usiikalie!" Wiki tatu, watoto mia nne, kwenye sakafu tupu. Thelathini na mmoja walikuwa wamezidi bila kujulikana. Mmoja wao, binti wa darasa la saba, sukari ilikuwa juu vibaya. Mwalimu alikuwa akimgombeza kwa kuomba ruhusa ya chooni kila saa. Akapelekwa hospitali siku ileile.

Wakubwa wakarekebisha taarifa kimyakimya. Jina la mke wangu hawakuliandika hata kwa penseli. Mwezi uliopita moyo wake uliposimama, wakaleta shada kubwa kuliko mlango. Binti yangu akaninong'oneza, "Baba, wasamehe." Nikamjibu, "Kwanza walitoe njiani, watu wapite."

Bado sijawasamehe.

Wasikilizaji wapendwa, poleni wanangu wawili, poleni wapimaji wenzake mliolia kweli. Nami najipa pole mwenyewe, maana ni zamu yangu hewani. Mzazi, mwalimu, mtoto akinywa maji bila kukata kiu na kwenda chooni kila mara, usimkaripie. Mpeleke apimwe. Na akiwa mnene, usimcheke.

Yule binti aliyepelekwa hospitali alikuja matangani na mama yake. Mama akanishika mkono: "Kaka, huyu hapa, mzima. Jana kaning'ang'ania, tumegombana kuhusu nguo mpaka jirani kaingilia."

Akasema hivyo akitabasamu sikio hadi sikio.