Gitaa Kwenye Mazishi ya Mkosoaji

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja alimgeukia kijana mwenye gitaa. "Mwanangu, kweli unakwenda kumpigia yule mzee wa redioni? Si ndiye aliyesema muziki wenu ni kelele za masufuria?"

"Ndiye, mama. Na siasa zake za kutaka kila kitu kibaki kama zamani zilinichefua. Lakini kila albamu yangu aliisikiliza hadi mwisho ndipo akaiponda. Wanaonisifu hawafiki wimbo wa pili."

"Wenye msiba watakufukuza!"

"Wanifukuze nikishamaliza."

Marehemu ni baba yangu, na kweli alisikiliza hadi mwisho, hata tulipomsihi azime. Basi liliposimama makaburini, kijana alishuka kabla yangu, akaanza kukaza nyuzi.