Manang Tiva, Aliyetufundisha Kusimama

Marehemu Primitiva Wakat Calawen, ambaye milima hii yote ilimwita Manang Tiva, yaani Dada Mkubwa Tiva, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 hapa Buguias, mtoto wa kwanza wa marehemu Bugnay Wakat na marehemu Rosalina. Mimi Leopoldo ndiye mdogo wake wa pekee. Nasoma haya na bado siamini ninachosoma. Naomba mnivumilie.

Alisoma hapahapa, kisha akashuka mjini Baguio kusomea ualimu wa fizikia, akahitimu mwaka 1983. Baba alimuuliza fizikia ni ugonjwa gani. Akajibu, "Ni kujua kwa nini lori la mjomba lililala kwenye viazi vya watu, Baba."

Alifundisha sekondari hadi mwaka 1998, halafu akaacha chaki na kufungua shule ya udereva, kwa sababu malori ya mboga yalikuwa yanatumaliza kwenye miteremko. Somo lake la kwanza lilikuwa kabichi moja. Aliiweka nyuma ya lori tupu bila kuifunga, akakwambia uendeshe. Ukikanyaga breki kwa pupa, kabichi ilibingirika mpaka ikagonga kichwa cha lori, naye akapaza sauti: "Lori umelisimamisha, kabichi nani kaiambia? Huyo ni mama mkwe wako kakaa nyuma. Rudia, na usimame kwa adabu!" Kabichi ikipasuka, ilikuwa chakula chako cha jioni. Mimi nilikula kabichi karibu mwezi mzima. Alitufundisha pia kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, utahitaji nafasi mara nne ya kusimama, na kwamba breki hula mwendo na kuugeuza joto, zikishiba hazishiki tena. Ndiyo maana mteremko tunaushuka kwa gia ndogo, na walio hai hapa wanajua wanamshukuru nani.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na Ambrosio Calawen, dereva wa lori, ambaye kama wenzake wote alikuwa akitoa gia kwenye mteremko ili kubana mafuta. Alianza kumposa wakiwa njiani. "Unaniposa huku umetoa gia?" dada alimwambia. "Rudisha kwanza, ndiyo tuongee." Shemeji akarudisha. Walijaliwa mabinti wawili.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni jiwe lililoachwa barabarani. Sisi tukisimama mlimani tunaweka jiwe nyuma ya gurudumu, tukiondoka tunaliacha palepale, na mwenye pikipiki analikuta gizani. Dada alikuwa akisimamisha gari lake na kuyaokota mawe hayo. Vijana walimtania, "Manang, unajenga nyumba?" Naye: "Najengea kaburi lako, njoo unisaidie kubeba."

Hapa wasifu hueleza ugonjwa. Hakuugua. Jumanne asubuhi, tarehe 4 Machi 2025, alikuwa sokoni, mzima, anabishana bei ya karoti. Mwanafunzi wake Delfin Palangdao alikuwa amepakia tani nne za kabichi, lori limetazama mlima, limeegemea jiwe. Utingo wake, ambaye ndiye huondoa jiwe gari likishatiwa gia, alikuwa amekwenda harusini. Dada akamwita, "Delfin, usiniachie jiwe hapo!"

"Siachi, Manang!"

Akaliondoa. Kabla ya kuwasha, kabla ya kutia gia, akaliondoa ili amtii mwalimu wake. Breki ya mkono haikuhimili. Lori likarudi nyuma polepole, mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji, lakini tani nne ni tani nne. Nyuma yake wanawake walikuwa wameinama kwenye tangi la saruji wakiosha karoti. Dada, aliyetukataza maisha yake yote kusimama nyuma ya lori lenye mzigo, alilikimbilia lile jiwe akalirudisha chini ya gurudumu. Lori likasimama. Jamani, lilisimama! Ila lilikuwa limeshambana kwenye tangi. Wanawake wale ni wazima, wapo hapa. Yeye alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Tangu siku hiyo Delfin amekaa nje ya uzio wetu. Fungu lake la nyama ya matanga, ambalo kila mwombolezaji hugawiwa, alilirudisha. Alisema hatagusa usukani tena, atahama. Mimi nilisema vyema, ahame, na nilisema kwa sauti ili asikie.

Yanayofuata hayamo katika karatasi mlizoshika, kwa sababu yametokea asubuhi hii. Jeneza lilipokwisha kupakiwa kwenye lori, na kilima hiki mnakijua kilivyosimama, shemeji Ambrosio alikwenda uzioni na funguo.

"Delfin, mpeleke mwalimu wako juu kaburini."

"Siwezi, Manong, kaka yangu. Siwezi kabisa."

"Utaweza. Washa kwanza. Tia gia. Jiwe nitaondoa mimi."

Akaenda kuinama nyuma ya gurudumu. Nilitaka kumvuta, sikuwahi. Injini ikawaka, gia ikaingia, shemeji akavuta jiwe. Lori likaenda mbele, halikurudi hata kidole, na mpaka hapa jeneza halikutikisika. Shemeji alilifuata kwa miguu, jiwe mikononi.

Marehemu ameacha mume, Ambrosio, mabinti, Jocelyn na Maribel, wajukuu wanne, mdogo wake, Leopoldo, na mwanafunzi wake, Delfin. Jina hilo la mwisho halikuchapwa. Mwenye kalamu aliandike.

Umefika, dada. Tumesimama kwa adabu. Pumzika kwa amani.